Undugu wa Wembe

Sura ya Saba

Nikodemu alikuwa amebakiwa na jicho moja la kuonea, na jicho hilo alilielekeza ukutani.

"Nakuuliza tena," alisema Inspekta Revelian. "Sindano za wodi ya watoto anachemsha nani?"

"Mie."

"Na wanaokuja kutoa damu, nani anawatoboa?"

"Mie hapohapo, afande. Nilikuwaga mie siku zote."

"Basi watoto watatu wamegeuka manjano mikononi mwako. Mmoja tumeshamzika. Na wewe huna la kusema?"

Mhudumu yule wa wodi hakulitoa jicho ukutani. Taya lake lilikuwa limevimba upande mmoja, na vidole vya mkono wa kulia vilikuwa vimefungwa pamoja kwa kitambaa kichafu. Hayo hayakuwa matendo ya polisi, na Revelian alipenda jambo hilo lieleweke. Watu wa Mtoni ndio waliomfanya hivyo, siku ile uvumi ulipozagaa kwamba mhudumu wa hospitali ya masista hachemshi sindano. Polisi walifika wakamwokoa, kisha wakamtia mahabusu. Mwaka ule hata kuokolewa kulikuwa na adhabu yake.

"Nyamaza tu," Revelian alisema akisimama. "Hakimu hatakubembeleza."

Alikuwa ameshafika mlangoni aliposikia sauti nyuma yake.

"Afande. Tabu ameshapata damu?"

Revelian aligeuka. Juma zima mtu huyu alijibu alipoulizwa, hakupata kuomba hata maji. Sasa alikuwa anauliza habari za mtoto, tena mmoja wa watoto walewale wa wodi ile. Inspekta aliona huo ni ujuba, akaubamiza mlango wa chuma. Baadaye mchana huo angelikumbuka swali lile na kujitukana.

Kilichokuwa kimebaki kilikuwa maelezo ya baba wa marehemu. Akiyapata hayo, jalada lingefungwa na Nikodemu angeondoka na karandinga la kwenda gerezani. Kwa hiyo Revelian alikwenda Mtoni, nyumbani kwa Mwinjuma, fundi baiskeli, baba wa marehemu Jamali. Alimkuta amekaa uani kwenye mkeka, baiskeli ya mtu imelala mbele yake na hakuna anayeigusa.

"Pole na msiba, bwana Mwinjuma."

"Tumeshapoa, afande. Karibu."

Kuhusu ugonjwa wa mtoto, Mwinjuma alieleza kwa maneno yaleyale aliyokwisha kuyasema mara nyingi. Jamali alizaliwa na damu isiyodumu. Madaktari waliuita thalasemia, ugonjwa unaorithiwa kwa baba na mama kwa pamoja, na dawa yake ilikuwa kuongezewa damu ya mtu mwingine kila mwezi mpaka mwisho wa maisha. Mwezi ukipita bila damu, mtoto anaishiwa pumzi kitandani. Ndivyo walivyoishi mpaka macho ya Jamali yalipogeuka manjano, tumbo likajaa maji, akafa akitapika damu ileile aliyoombewa kwa watu.

"Maabara ya mjini imesema ni homa ya ini," Revelian alisema. "Kirusi kinachopita kwenye damu. Sindano chafu inatosha. Nataka useme kama uliwahi kumwona Nikodemu akitumia sindano bila..."

Alikatiza hapo. Mwinjuma alikuwa amekigeuza kichwa kumfukuza kuku, na jua la saa nne likampiga usoni. Weupe wa macho yake haukuwa weupe tena. Ulikuwa na rangi ya binzari.

Revelian aliishusha kalamu polepole.

"Wewe umechomwa sindano lini mara ya mwisho?"

"Mie? Tangu chanjo ya ndui ya utotoni, sijachomwa."

"Hospitali ya masista hujawahi kutoa damu?"

"Walinipima, wakasema mie mwenyewe sina ya kutosha. Si tumeambiwa ugonjwa unatoka kwetu, mie na mama yake?"

"Vua shati."

"Afande?"

"Vua shati, bwana Mwinjuma."

Chini ya chembe cha moyo palikuwa na chale mbili fupi, zimepona lakini bado nyeusi. Revelian hakuwa mtu wa pwani, lakini kwao Bukoba wazee walifungiana undugu hivyohivyo, kwa wembe na punje ya kahawa. Hakuhitaji mkalimani.

"Umechanjiana na nani?"

Mwinjuma alilivaa shati upesi. Alikuwa mtu wa swala tano na lile jambo alilionea haya.

"Na mtu aliyetaka kumwokoa mwanangu. Sista Yuliana wa wodini kaweka sharti. Damu ya kununua hataki, anataka ya ndugu tu. Kaweka Biblia na Msahafu pale mezani, mzazi aape kwamba anayetoa ni ndugu yake wa damu. Na mie ndugu zangu wote wananikimbia, wanasema hospitali kuna mumiani, wakikutoboa hawakuachi mpaka ukauke. Nitampata wapi? Akatokea kijana wa watu, mchongaji. Akasema yuko tayari. Lakini mie siapi uongo juu ya Msahafu, afande. Sithubutu."

"Ukamfanya ndugu kwanza."

"Kwa wembe mmoja, mie na yeye. Na Jamali naye tulimchanja kidogo, ili damu ikiingia imjue. Tukala kipande cha ini, kila mmoja na damu ya mwenzake. Baada ya hapo niliapa, na nimeapa kweli." Alimtazama inspekta kwa macho yale ya binzari. "Kosa langu liko wapi?"

Revelian aliifunika kalamu. Alitazama dirishani. Kwenye kizingiti palikuwa na kobe mdogo wa mpingo, amechongwa vizuri mno, kichwa amekigeuzia bega la kushoto anaangalia nyuma.

"Hicho alikuwa anakichezea nani?"

"Jamali. Kapewa na baba yake mdogo huyohuyo. Sie tulimpa jina la ukoo, Shomari. Jina lake la kuzaliwa silijui vizuri."

Revelian alirudi kwenye Landrover bila kuchukua maelezo yoyote. Konstebo Leonardi, aliyekuwa usukani, alimwuliza kama sasa wanakwenda kumpakia Nikodemu kwenye karandinga.

"Twende hospitali," Revelian alisema.

Hospitali ya masista ilikuwa jengo refu la bati, wodi ya watoto mwishoni. Sista Yuliana, mtawa wa makamo kutoka bara, ndiye aliyeiendesha kwa mkono wa chuma. Alimpokea inspekta akiwa amesimama.

"Amekiri yule?"

"Sista, watoto wako walipata damu kwa watu tofauti?"

"Tofauti kabisa. Jamali alipewa na Shomari, ndugu wa Mwinjuma. Hawa wawili waliolazwa hapa, mmoja kapewa na Bathlomeo, mwingine na Athumani. Ndiyo maana nilikwambia haiwezi kuwa damu. Koo tatu, dini mbili. Kinachowaunganisha ni sindano za Nikodemu."

"Na hao ndugu uliwaona kwa macho?"

"Mimi namwapisha mzazi. Mtoa damu anapita mlango wa nyuma, kwa Nikodemu."

Revelian alitembea mpaka kitandani pa kwanza. Mtoto wa kiume alikuwa amelala, ngozi yake imechujuka, macho yake ya njano yamefunguka nusu. Kwenye mto palikuwa na kobe wa mpingo. Kitandani pa pili msichana alikuwa amemkumbatia wa kwake. Vichwa vya kobe vyote viwili viligeukia bega la kushoto.

"Nani amewapa?"

"Baba yangu mdogo," alisema msichana.

Inspekta alimvuta Sista Yuliana mpaka barazani na kumweleza kwa sauti ya chini. Hakuyatia maneno sukari. Mtu mmoja, majina matatu, wembe mmoja baada ya mwingine. Mtawa alisikiliza mpaka mwisho, mikono yake imeshikana mbele ya aproni.

"Nikodemu alimwona," alisema hatimaye. "Kila mara alikuwa yeye anayemtoboa. Kwa nini hakuniambia?"

"Kwa sababu ungemfukuza mtu huyo, na watoto wangekosa damu. Sharti ni lako, Sista."

"Sharti nililiweka kwa sababu mji huu ulijaa walevi wanaouza damu zao getini! Nilitaka damu safi!"

"Najua."

Alijua, na hakumwonea huruma hata kidogo. Alikuwa anamfikiria Nikodemu na vidole vyake, na swali lile la mlangoni.

"Tabu ni nani?"

Sista Yuliana aliinua uso.

"Mtoto wa Filomena, mjane wa Vingunguti. Damu yake alikuwa anapewa na mjomba wake wa kweli, lakini mgambo wamemkamata kwenye msako wa Nguvukazi. Hana kitambulisho cha kazi, wakampakia kwenye lori kwenda kulima Handeni. Tabu amepitiliza mwezi. Filomena alikuja jana kuapa. Amesema kuna ndugu amefika kutoka kusini." Alishika nguzo. "Wanakuja leo mchana."

"Tabu ana manjano?"

"Hana. Huyo ndiye pekee aliyebaki mzima."

Mpaka Vingunguti Leonardi aliendesha huku mkono uko kwenye honi. Nyumba ya Filomena ilikuwa chumba na sebule, nyuma ya machinjio, harufu ya ngozi mbichi imetanda kila mahali. Mlango ulikuwa wazi. Mbele yake, chini, kulikuwa na maganda membamba ya mpingo, meusi.

Kijana alikuwa amekaa kwenye kigoda, miwani ya jua usoni ingawa alikuwa kivulini. Kwenye paja lake alikuwa na kobe asiye na kichwa bado. Mkekani kando yake alilala mtoto wa kike wa miaka saba au nane, midomo imepauka, mbavu zinapanda na kushuka kwa haraka.

"Bathlomeo," alisema Revelian.

Kisu kilisimama.

"Au Athumani? Au Shomari? Chagua mwenyewe."

"Kornelio," kijana alijibu. "Wa Newala. Jina langu la ubatizo."

"Toa miwani, Kornelio."

Aliitoa. Leonardi, aliyekuwa mlangoni, alipiga ishara ya msalaba. Macho yale yalikuwa manjano kuliko ya Mwinjuma.

Filomena alitokea uani na bakuli la uji mkononi, mwanamke mrefu, khanga ameifunga kifuani. Juu ya khanga, karibu na bega, plasta mpya. Revelian aliiona na akajua kwamba amechelewa kwa huyu.

"Karibuni... kuna nini, afande?"

"Umechanjiana naye?"

"Juzi. Kuna sheria inayokataza?"

"Mtoto je? Mmemchanja?"

"Hapana. Alikuwa na homa, nikasema asubiri damu yenyewe."

Revelian alizitoa pingu. Kornelio hakukimbia. Alikiweka kisu chini kwa uangalifu, na kobe juu ya mkeka karibu na mkono wa Tabu, akanyoosha mikono.

"Ulijua unaumwa?"

"Nilijua mkojo umekuwa mweusi. Nilijua macho."

"Ulijua unawaua?"

"Mwanzoni sikujua, haki ya Mungu. Alipokufa Jamali ndio nikajua."

"Na baada ya kujua ukaja huku."

Kornelio alitazama chini. Aliposema, alisema kwa sauti ya kawaida tu, ya mtu anayeeleza njia.

"Afande, mie sina kazi inayoandikwa. Kuchonga kwenu si kazi. Mgambo wakinikuta barabarani ni lori. Lakini mgambo wakiingia nyumba ya Mwinjuma, Mwinjuma anasimama mlangoni anasema huyu ndugu yangu, niko naye kwenye ufundi. Balozi wa nyumba kumi anaitikia. Jamali alipokufa, nyumba ile ikaninunia. Nikahama. Nitakwenda wapi kama si kwa mtoto mwingine?"

Filomena alikuwa ameliweka bakuli chini. Alimpiga kofi Kornelio, la kwanza, la pili. Kisha akasimama na mkono umebaki hewani, akamtazama mtoto wake, akamwinua mkekani.

"Twendeni hospitali wote," alisema. "Na yeye."

Revelian alidhani anataka haki. Alikuwa mpelelezi mzuri, lakini hilo hakulisoma.

Kwenye wodi Sista Yuliana alimlaza Tabu, akalivuta chini kope la jicho lake. Ndani palikuwa peupe. Alisikiliza moyo kwa muda mrefu, akakitoa kifaa masikioni.

"Nimepiga simu mjini. Friji haina chupa hata moja ya kundi lake. Wanasema kesho, labda. Huyu hana kesho."

"Nitoeni mie," Filomena alisema.

"Wewe una nusu ya ugonjwa uleule, na sasa una wembe wa juzi."

"Nitoe mimi," alisema Revelian, akikunja mkono wa shati. Sista alimtoboa kidole, akachanganya tone kwenye kioo, akatikisa kichwa. Halikulingana. Yeye mwenyewe mtawa alikuwa ametoa juma lile, na hata hivyo kundi lake lilikuwa jingine. Wakamtafuta Leonardi. Konstebo mwenye bunduki alikuwa amerudi mpaka kwenye Landrover na kufunga vioo vyote.

"Afande, nifukuze kazi," alisema kupitia upenyo wa kioo. "Bibi yangu aliingia hospitali mzima akatoka mkavu. Nifukuze tu."

Revelian alimtukana tusi ambalo hakuwahi kumtukana mtu. Leonardi alilia, lakini kioo hakukishusha.

Aliporudi ndani alimkuta Filomena amesimama mbele ya meza ya Sista.

"Huyu Kornelio damu yake inamfaa mwanangu?"

"Inamfaa kila mtu," Sista alisema. "Ndiyo maana amewapata wote. Filomena, usiniulize hilo."

"Ukimpa, atakufa lini?"

"Wengine hawafi. Wengine wanaugua wanapona. Lakini mtoto mwenye damu kama yake, ini lake limeshachoka. Kama ni kufa, baada ya miezi. Pengine mwaka, pengine..."

"Na usipompa?"

Sista Yuliana alitazama kitandani. Tabu alikuwa anavuta pumzi kwa mdomo, na kila pumzi ilisikika mpaka vitanda vya mwisho.

"Umesema miezi," Filomena alisema. "Mie nina leo tu. Mfungueni."

"Huyu ni mtuhumiwa wangu," alisema Revelian. "Amemuua mtoto. Siwezi kumfungua aende kuua wa pili mbele ya macho yangu. Unajua unaniomba nini, dada?"

"Najua. Na ukiondoka naye, umemuua wewe. Chagua mwenyewe utakavyoliandika."

Aliuweka mkono wake juu ya Biblia bila kuambiwa.

"Naapa huyu ni ndugu yangu wa damu. Haya, Sista. Sharti lako limetimia."

Mtawa aligeuka akaanza kuchemsha maji. Aliitumbukiza sindano mwenyewe.

Revelian alikaa na ufunguo wa pingu kiganjani. Alitafuta kanuni inayolihusu jambo lile na hakuiona, wala hakutegemea kuiona. Kisha alimfungua Kornelio mkono mmoja, na pingu ya pili akaifunga kwenye chuma cha kitanda. Kornelio alijilaza, akageuza uso upande wa mtoto.

"Nani anashika chupa?" aliuliza Sista. "Inatakiwa mtu akae chini, aishike chini ya mkono wa mtoaji, aitikise damu isigande. Kazi hiyo alikuwa anaifanya Nikodemu."

Nikodemu alikuwa bado mahabusu.

Inspekta Revelian alipiga magoti kwenye sakafu ya saruji, akaipokea chupa kwa mikono miwili. Sindano iliingia. Damu ilianza kushuka kwenye mpira, nyekundu, nzuri, haina dalili yoyote, na chupa ikaanza kupata joto viganjani mwake. Aliitikisa polepole kama alivyoelekezwa.

"Afande," Kornelio alisema juu yake. "Kobe wa Tabu hana kichwa. Nikimaliza hapa, utaniruhusu nimmalizie?"

Revelian aliendelea kuitikisa chupa mpaka ikajaa.